Tokeza, chomoza, benuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vitu vilivyotokeza

Ukurasa huu ni wa wanaoandika na kuzungumza Kiswahili huku magharibi mwa Kenya, kuanzia Nakuru kushuka hadi Ziwa Victoria. Maswali yametoka kwa walimu, wazazi wanaosaidia watoto kazi ya ziada, watangazaji wa redio, na fundi mmoja wa mbao wa Kibuye, Kisumu, ambaye swali lake lilinikalisha kitako kuliko mengine yote. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mengine ni mstari mmoja tu.

Neno la msingi ni lipi?

Tokeza. Sehemu ya kitu ikipita mpaka wa kitu kingine na kuonekana nje, kitu hicho kimetokeza. Msumari umetokeza ubaoni. Mzizi umetokeza njiani. Meno ya ngiri yametokeza mdomoni.

Neno hili ni la ukoo wa toka, uleule uliozaa tokea na matokeo. Lakini tokeza lina sharti lake: kitu hakijaondoka kilipo. Msumari ukitoka, umeng'oka, unauokota chini. Msumari ukitokeza, bado umeshika na utakuchania suruali. Ndiyo maana mtu akisema "meno yametoka" kumhusu mzee, wasikilizaji wanaweza kudhani mzee ni kibogoyo, kumbe alitaka kusema yametokeza. Kwa mtoto mchanga ni kinyume: meno yake "yametoka" au "yameota", na hapo tokeza halifai, kwa sababu yako mahali pake kabisa.

Tokeza na chomoza zinatofautiana vipi?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na nitakaa nalo kidogo.

Chomoza linabeba mwendo. Kitu kilikuwa kimefichika, sasa kinapenya na kuonekana: jua linachomoza, chipukizi la mahindi linachomoza udongoni, pembe za ndama zinachomoza. Neno ni la mlango mmoja na chomeka na chomoa. Kisu kikichomekwa alani kimeingia, kikichomolewa kimetoka. Chomoza limebaki na nguvu hiyo ya kupenya. Tokeza halijali mwendo. Linaeleza hali tu: kiko nje kidogo, kilifikaje huko ni habari nyingine.

Sasa chukua Kit Mikayi, yale majabali yaliyorundikana Seme, unapotoka Kisumu kuelekea Bondo. Jina ni la Kidholuo, maana yake jiwe la mke wa kwanza, na mpaka leo watu huenda pale kusali, wakiwemo waumini wa kanisa la Legio Maria. Mwanafunzi akiandika "majabali ya Kit Mikayi yamechomoza ardhini", walimu wengi watampa alama, na katika mazungumzo sina ugomvi naye. Lakini mtu wa jiografia ana haki ya kukunja uso. Mawe ya aina ile hayakusukumwa juu kama uyoga. Ni matale, mwamba mgumu uliokuwa umefunikwa. Maji yalipenya kwenye nyufa zake kwa muda mrefu mno, sehemu dhaifu zikaoza na kuwa udongo, mvua ikaubeba udongo ule, na sehemu ngumu zikabaki zimesimama. Jiwe halikupanda. Ardhi ndiyo iliyoshuka. Kwa hiyo yametokeza. Ukisema hivyo hujadanganya chochote, kwa sababu tokeza halidai kwamba jiwe lilitembea.

Ni vivyo hivyo kwa Jiwe la Kulia la Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega: nguzo ya mwamba yenye jiwe jingine kichwani, na michirizi ya maji inayoshuka kama machozi. Limetokeza. Maji yale ndiyo yanayochomoza, ukipenda, ingawa mimi ningesema yanachuruzika na kuliacha hapo.

Niandike "limetokeza" au "linatokeza"?

Karibu kila mara, limetokeza. Katika Kiswahili hali ambayo imeshatimia na bado ipo huchukua -me-: amelala, amesimama, amechoka, imeoza. Kutokeza ni hali ya namna hiyo. "Jiwe linatokeza" humfanya msomaji asubiri, kana kwamba lingali linajisukuma. Kosa hili linaingia sana kupitia Kiingereza cha darasani, ambacho huelezea mawe na milima kwa wakati uliopo.

Kuna mahali -na- hufaa: pale kitu kinapotokeza na kurudi. "Ulimi wa mjusi unatokeza na kurudi" ni sawa.

Unapotaka kirejeshi, andika "jiwe lililotokeza", "misumari iliyotokeza", "ncha zilizotokeza". Usiandike "limelotokeza", -me- haikai na kirejeshi cha katikati. Ukitaka kuihifadhi, tumia amba-: "jiwe ambalo limetokeza".

Je, jua hutokeza?

Jua huchomoza. Huwa pia linacha, na kutoka kucha tunapata macheo. Jioni linatua, linazama, au linakuchwa, na hapo ni machweo. Watoto wa Kisumu wana bahati katika somo hili, maana mji uko pembe ya mashariki ya Ghuba ya Winam. Asubuhi jua linawachomozea upande wa milima ya Nandi, na jioni linazama upande wa maji, kwa hiyo kuzama hapa si lugha ya picha tu.

"Jua limetokeza" nimewahi kulisikia likisemwa baada ya mvua, wingu likiwa limepasuka kidogo. Halinikeri. Linasema kipande tu cha jua kiko nje.

Kiboko akionekana majini, ametokeza au amechomoza?

Ameibuka. Hili neno watu wanalisahau, nasi tunaishi kando ya ziwa! Kilichozama huibuka: kiboko, mpiga mbizi, boya lililovutwa chini. Kiboko mzima anaweza kukaa chini ya maji kama dakika 5 hivi, kisha huibuka kupumua. Baada ya kuibuka, angalia alivyoumbwa: masikio, macho na pua vyote viko juu kabisa ya kichwa, katika mstari mmoja. Basi hukaa mwili mzima ukiwa majini na vitu hivyo vitatu vikiwa vimetokeza. Wavuvi wa Dunga hawahitaji somo la sarufi kujua kwamba kidogo kile kilichotokeza kina tani zaidi ya moja chini yake.

Kwa hiyo ameibuka ni tendo, na masikio yametokeza ni hali inayofuata. Maneno mawili, kila moja na kazi yake.

Nenda upande wa Nakuru uone jambo jingine. Maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana katika miaka ya karibuni, yakameza barabara za ndani ya hifadhi na migunga iliyokuwa nchi kavu. Miti ile ilikufa ikiwa imesimama, na vigogo vyake vyeupe vimetokeza majini. Havikuibuka, kwa sababu havikuwahi kuzama vyote. Havikuchomoza, kwa sababu havikutoka popote. Maji ndiyo yaliyovifuata. Mtangazaji aliyesema "miti imeibuka ziwani" aliwachekesha watu bila kukusudia.

Zuka ni jingine tena: kutokea ghafla, bila kutarajiwa. Moto huzuka, fujo huzuka, mzuka huzuka.

Benuka, binuka, bonyea: zinaingia wapi?

Zinaingia pale umbo linapopinda, bila ncha. Kifua kilichosukumwa mbele kimebenuka; askari wa gwaride amebenua kifua. Mtoto aliyenuna amebenua mdomo pia, ingawa wengi husema amebinua. Binua kwa asili ni kuinua upande mmoja wa kitu, kama unavyobinua mtungi ili maji ya mwisho yatoke. Maneno haya yamekaribiana mno, na katika Kiswahili cha bara mpaka wao umefifia. Mimi hushika kanuni hii: mbele ni benua, juu ni binua.

Kinyume chake ni bonyea, yaani kuingia ndani. Debe limebonyea, bodi ya gari imebonyea. Katika vitabu vya fizikia utakutana na lenzi mbinuko na lenzi mbonyeo, na mwanafunzi akizihusisha na kifua cha askari na debe lililogongwa, hazipotei tena.

Ardhi ikiingia ndani kwa kiasi kikubwa, hatusemi imebonyea, tunasema imedidimia. Menengai, juu ya mji wa Nakuru, ni mfano mzuri: mlima wa volkano uliodidimia na kuacha kaldera yenye upana wa kama kilomita 12. Watu wanapanda kuona kilele, wanakuta shimo.

Mbona magazeti yanasema watu "walijitokeza kwa wingi"? Wao ni misumari?

Swali zuri, na aliyeliuliza alikuwa na tabasamu. Kiambishi -ji- ndicho kinachobadilisha kila kitu. Kujitokeza ni kujitoa mwenyewe mahali pa kuonekana, kwa hiari: wapiga kura wamejitokeza, shahidi amejitokeza, wafadhili wamejitokeza. Msumari hauna hiari, kwa hiyo haujitokezi.

Lakini dhana zimepewa ruhusa. "Swali linajitokeza", "dalili zimejitokeza", "mada kuu inayojitokeza katika shairi hili" ni matumizi yaliyokubalika, hasa kwenye uhakiki wa fasihi. Ninachopinga ni uvivu. Kuna ripoti za redio ambazo kila kitu hujitokeza: tatizo limejitokeza, suluhisho limejitokeza, mgeni rasmi amejitokeza. Tatizo linaweza kuzuka. Suluhisho linaweza kupatikana. Mgeni rasmi alifika tu, mwacheni.

Na kwenye ripoti za shule, "mtoto huyu anajitokeza darasani" haimaanishi kwamba anawashinda wenzake. Inamaanisha anainua mkono. Kama ni hodari, andika kwamba anatia fora.

Mwalimu, mwanangu ameandika "tutokeze malaria" na amekatwa alama. Kwani kosa liko wapi?

Mama, alitaka kuandika tutokomeze. Kutokomea ni kupotelea mbali kabisa, na kutokomeza ni kumfanya mwingine apotelee huko. Kwa hiyo maneno haya mawili yanafanana sura na kupingana maana: kilichotokeza kinaonekana, kilichotokomea hakionekani. Kampeni ya "kutokeza malaria" ingekuwa kampeni ya kuileta. Mwambie asikate tamaa. Kosa hili nimeliona hata kwenye mabango ya watu wazima.

Huku kwetu wengi hutamka "tokesa" na "chomosa". Ni lahaja?

Si lahaja, ni athari ya lugha ya kwanza. Kidholuo hakina sauti z wala sh, kwa hiyo Mluo huteleza kwenda s. Baadhi ya lugha za Kiluhya nazo hufanya hivyo hivyo. Ukifika Nakuru utasikia "shomoza" kutoka kwa Wakikuyu, ambao ch yao huelekea sh. Katika mazungumzo tunaelewana na maisha yanaendelea. Tatizo ni pale sikio linapouongoza mkono, na imla ya darasani ikajaa "limetokesa". Dawa ninayoijua ni kusoma kwa sauti, sio kumcheka mtoto.

Mteja ameniandikia: "Meza ya jikoni ubao wa juu utokeze sentimita 5." Nipime kutoka wapi?

Hili ndilo swali la fundi wa Kibuye. Jibu la kweli ni kwamba sentensi ya mteja haijakamilika. Tokeza ni neno la uhusiano. Lazima kuwe na kitu ambacho kinapitwa. Ubao utokeze kupita nini? Kupita miguu ya meza? Kupita mlango wa kabati lililo chini? Kupita ukuta wa pembeni? Kila jibu lina kipimo chake, na mbao ikishakatwa hairudi.

Kiambishi -ni cha mahali hakisaidii sana hapa. "Utokeze kabatini" inaweza kueleweka kuwa unaanzia ndani ya kabati. Ninapendekeza kitenzi pita pamoja na kutaja ukingo: "Ubao wa juu upite ukingo wa mbele wa kabati kwa sentimita 5, pembeni usipite." Neno tokeza halimo kabisa, na ndivyo ilivyo sawa. Tokeza huelezea kilichokwisha kuwa. Kwa kuagiza kazi, pita ni salama zaidi. Fundi alicheka, akasema yeye siku zote husema "ipite", wenye "itokeze" ni wateja waliosoma.

Vyuma vinavyoachwa juu ya nyumba zenye paa bapa kungojea ghorofa nyingine, ambavyo ukizunguka Kondele huwezi kuvikosa, vimetokeza. Wengine husema "vyuma vimeachwa nje", na hiyo inabeba pia habari kwamba mwenye nyumba ana mipango.

Mzigo wa mbao uliopita nyuma ya pikapu pia umetokeza, na ndiyo sababu hufungwa kitambaa chekundu mwishoni. Bodaboda aliyebeba mabati kwa upande, sijui kama kitambaa kinatosha.

Kitu chenyewe kilichotokeza kinaitwaje?

Hapa Kiswahili ni tajiri, na ni bahati mbaya kwamba tunakimbilia "kitu kilichotokeza" wakati kila kimoja kina jina.

Mwilini: nundu ni ya ng'ombe, na methali inasema ng'ombe haelemewi na nunduye. Uvimbe mdogo usoni baada ya kugongwa nao huitwa nundu au kinundu. Kigongo ni cha mgongoni. Jogoo ana upanga kichwani. Korongo mwenye taji, yule wa mabwawani na mashambani, ana kishungi. Fahali wa Isukha na Idakho wanaopiganishwa Kakamega wana pembe, na faru wa Nakuru ana pembe pia, ingawa ikishakatwa na kuingia kwenye biashara haramu huitwa kipusa. Inapendeza kujua kwamba lugha ilitenganisha pembe ya mnyama aliye hai na ile ya soko.

Ardhini: kichuguu ni kazi ya mchwa, na huku kwetu hakuna anayekisahau, maana mvua za kwanza ndizo zinazotoa kumbikumbi. Tuta ni la viazi vitamu, na ni lile la barabarani pia linalokurusha kichwa kwenye paa la matatu. Kisiki ni cha mti uliokatwa. Nchi kavu ikiingia majini ni rasi, na maji yakiingia nchi kavu ni ghuba. Mlima ukiwa na sehemu ya juu kabisa, hicho ni kilele. Elgon ina kadhaa ukingoni mwa kreta, Wagagai upande wa Uganda wenye mita 4321 na Koitobos upande wa Kenya wenye mita 4222.

Nyumbani: upenu ni ile sehemu ya paa iliyopita ukuta, na roshani ndiyo ile ya ghorofani ambayo siku hizi kila mtu huiita balkoni.

Naweza kusema "alitokeza kichwa dirishani"?

Unaweza. Tokeza na chomoza zote huchukua kichwa kama yambwa, yaani kitu kinachotendwa: alitokeza kichwa, alichomoza kichwa. La kwanza ni la kawaida, la pili lina haraka ndani yake. Ulimi ni tofauti kidogo. Tunasema alitoa ulimi. Na kwenye matatu utasikia "msitoe vichwa nje", sio "msitokeze". Macho yakitanuka kwa hofu au mshangao, amekodoa macho, ametumbua macho, au macho yamemtoka pima.

Kuna heshima ya kuzingatia ninapomzungumzia mtu?

Ipo, na ni muhimu kuliko sarufi. "Tumbo limemtokeza" kwa mwanamke mjamzito ni ukorofi. Sema ni mjamzito, basi. Kwa mwanamume, wenzake watamtania kwamba ameota kitambi, lakini mkwe hathubutu. Meno yaliyotokeza ni maelezo yasiyo na ubaya katika kadi ya kliniki, ila mbele ya mwenyewe yanauma. Mzazi mwenye mtoto ambaye kitovu kimetokeza anaweza kusema hivyo hivyo kwa daktari, na ataeleweka mara moja. Daktari huenda akaitaja ngiri ya kitovu. Usishtuke, si yule mnyama wa meno.

Shimizi ikionekana chini ya rinda, imetokeza?

Inachungulia. Kina mama wa kanisani wana njia yao ya kuambiana hili bila wanaume kusikia, lakini kitenzi ni hicho. Chungulia hufaa kwa kidogo kilichopaswa kujificha: shimizi, soksi iliyotoboka kidole, noti mfukoni.

Na "chomoka" wanayosema vijana?

Ni ya ukoo huohuo wa chomoa, na si Sheng tupu. Kuchomoka ni kutoka kwa kasi mahali ulipokuwa umebanwa: mpini umechomoka kwenye jembe, mshale umechomoka kwenye upinde. Vijana wameipeleka kwa watu, kwamba nichomoke ni niondoke upesi. Makanga akimwambia dereva "chomoka" stendi ya Nakuru, amelitumia sawasawa. Kwenye insha ya mtihani, mwachie mpini wa jembe.